Uzamivu Ukiwa na Mvi

Ndugu zangu walimu, mabwana na mabibi shamba, wauguzi, asanteni kwa kunialika hapa Mtwara.

Watu wa rika langu huniuliza hivi: "Nina miaka 52. Nikianza uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD), leo nitamaliza na 57, na nikifika 60 nastaafu. Nitafaidi nini?" Kwa hesabu ya mshahara, kidogo sana, na nakusihini msimalizie akiba ya uzeeni kwenye ada kwa kutegemea kupanda cheo. Faida ninayoiona mimi iko kwingine.

Namfahamu bwana shamba mmoja wa upande wa Newala. Ana madaftari makubwa, kingo zake zimeshika unjano wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Kila msimu ameandika mikorosho ilichanua lini, ugonjwa wa ubwiriunga ulianza kuonekana shamba la nani, salfa ilipulizwa mara ngapi, asubuhi ipi kulikuwa na umande. Kijana wa miaka 27, hata apewe ufadhili mnono kiasi gani, hana kumbukumbu hizo. Mzee yule akistaafu bila kuzifanyia kazi, kurasa zile zitafungia maandazi. Jambo hili linaniuma sana.

Lakini uzoefu huohuo hutuponza. Tukikaa sana kazini, majibu hututangulia. Mwalimu kutoka Tandahimba anaandika pendekezo la utafiti akiwa ameshaamua kwamba watoto hutoroka shule msimu wa korosho kwa sababu wazazi hawajali. Ameleta hukumu, swali hana. Msimamizi wake, ambaye pengine mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha darasa la sita, anamrudishia rasimu imejaa wino mwekundu: umejuaje? Ulimuuliza mzazi yupi? Hapo wengi wetu hununa, wengine huacha kabisa. Nawaomba, mwiteni msimamizi huyo Daktari kama anavyostahili, kisha mjibuni.

Ingeborg Rapoport, daktari wa watoto wa Ujerumani, aliandika tasnifu yake kuhusu dondakoo huko Hamburg mwaka 1938. Utawala wa Hitler ukamzuia kutahiniwa kwa kuwa mama yake alikuwa Myahudi. Alitahiniwa mwaka 2015, akiwa na miaka 102, akafaulu. Macho yalikuwa yamefifia, hivyo marafiki walimtafutia kwenye intaneti yaliyogunduliwa kuhusu ugonjwa huo tangu aandike. Umri wote ule wa kutibu watoto haukumwondolea kazi ya kujifunza upya.

Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Mtwara na kingine Lindi, kwa hiyo si lazima uache kazi uhamie Dar es Salaam. Kabla hujaomba nafasi, andika ukurasa mmoja tu wa swali lako. Mpe mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, au mwalimu mwenzako mnayebishana kila siku, ausome. Atakapokuuliza jambo ukakosa la kusema, rudi nyumbani uanze kuandika kutoka hapo.