Mustikka Si Kidonge

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ananijua, ameshaanza kutazama saa.

Mlionisikia mwaka jana mnivumilie. Juzi shangazi yangu kanipigia simu kutoka Tanga: "Mwanangu, macho yananisumbua. Nasikia huko kwenu kuna beri nyeusi, dawa ya macho. Niletee." Nani kamwambia? Kijana mmoja wa huku huku Ufini, anawauzia wazee vidonge vya mustikka, hiyo beri nyeusi ya misitu ya huku. Bei sitaitaja, kuna watoto humu. Shangazi alipopimwa, ni mtoto wa jicho! Mtoto wa jicho dawa yake ni upasuaji, hata ukila pipa zima la mustikka.

Hadithi yenyewe mnaijua: ati marubani wa Uingereza katika Vita vya Pili walikula jamu ya mustikka wakaona gizani kama paka. Nani alimwona rubani huyo na mkate wake? Kilichowaonyesha ndege za adui usiku ni rada, na kwa kuwa rada ilikuwa siri, watu wakaimbiwa wimbo kwamba marubani wanaona gizani kwa kula karoti. Mustikka ikadandia humo humo. Watafiti wamewapa watu vidonge hivi wakawapima gizani, na majaribio yaliyofanywa kwa makini hayakuona tofauti. Utaniambia, "Mbona mimi nilimeza nikaona vizuri usiku?" Ulimeza lini? Juni! Hapa Joensuu mwezi wa Juni usiku ni mweupe, giza lenyewe liko wapi?

Mnacheka, lakini hela zimekwenda.

Sisemi mustikka haina maana. Mimi huila kila asubuhi na uji. Chukua bluberi ya dukani, ile kubwa yenye asili ya Marekani, ipasue: ndani nyeupe. Pasua mustikka ya msituni: nyeusi mpaka moyoni, na vidole vyako vitashuhudia siku mbili. Rangi hiyo ndiyo anthosianini, ile ile inayotia zambarau rangi. Kwenye bluberi imekaa gandani tu, ndiyo maana ya msituni ina nyingi mara kadhaa. Inafanya nini mwilini? Kuna dalili nzuri upande wa sukari ya damu na mishipa, ila nyingi zimetoka kwenye majaribio madogo, ya muda mfupi. Mimi naila kwa kuwa ni tunda lenye nyuzinyuzi na sukari kidogo. Hiyo haikutoshi?

Na vitamini C msiitafute humo, ni kidogo. Iko kwenye tyrni, beri ndogo ya rangi ya chungwa, na kwenye lakka, ile ya manjano ya kwenye vinamasi iliyochorwa kwenye sarafu ya Ufini ya yuro mbili. Gramu mia za lakka zinalishinda chungwa. Lakini msiwatambie watu wa nyumbani, maana pera linaishinda lakka.

Puolukka, nyekundu ile chachu, ina asidi ya benzoiki yake yenyewe, inayoizuia kuoza. Wazee wa huku waliizamisha kwenye maji tu, ikavuka majira ya baridi bila sukari. Akina mama, kuna jaribio la hapa hapa Ufini, lilichapishwa 2001: wanawake waliokunywa juisi ya karanberi na puolukka walirudiwa na UTI kwa uchache zaidi. Walirudiwa kwa uchache, nimesema! Ukishaanza kuungua wakati wa kukojoa, nenda zahanati.

Sasa kinachoniudhi. Mnanunua unga wa mustikka wakati sheria hapa inakuruhusu kuchuma bure, hata kwenye msitu wa mtu, mradi usiingie uani kwake. Ukiuza ulichochuma, hukatwi kodi. "Tunaogopa dubu." Dubu akikusikia unavyoongea na simu atahama mkoa! Ogopeni kupe, vaeni suruali ndefu. Na kuna sudenmarja: beri moja tu, nyeusi, imekaa juu ya majani manne. Ina sumu. Iacheni.

Nilitaka nifike kwenye Mradi wa Karelia Kaskazini, ule wa afya ya moyo, ulioanza 1972 katika mkoa huu huu, wanaume walipokuwa wakianguka kwa moyo kwa sababu ya siagi na sigara, na namna beri zilivyoingia... Naam, mwenyekiti, nakuona.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kituo cha basi. Kila mtu na ndoo yake. Nguo nyeupe msivae.