Doa Jeusi Begani: Kwa Nini Mafunzo ya Siku Mbili Hayatoshi

Ndugu zangu wafiziotherapia, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: siku mbili za mafunzo hazimpi mtu uwezo wa kusoma picha za altrasaundi.

Kuna anayejibu moyoni, "Mbona altrasaundi tunayo kliniki miaka yote?" Hiyo ni ya kutibu, ya megahezi 1 au 3, na haitoi picha yoyote. Uzoefu wake hauhesabiki hapa.

Chukueni bega. Mgonjwa ameketi, kiganja kakiweka nyuma ya nyonga, penye mfuko wa suruali, kiwiko kimeelekea nyuma. Unapaka jeli, unalaza proba, kile kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi ya sauti, kufuata urefu wa kano ya supraspinatasi, ile ya begani inayosaidia kuinua mkono. Kano isiyochanika huonekana nyeupe, yenye mistari myembamba kama ya mkeka. Lakini weupe ule huja pale tu mawimbi yanapoipiga kano wima. Inapokaribia kushika mfupa, kano hujipinda. Digrii chache tu zikipotea, mwangwi huenda pembeni na sehemu ile hugeuka nyeusi. Aliyesoma siku mbili huliona doa, huandika "kano imechanika", na mgonjwa huacha kuinua mkono kwa hofu, pengine hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, wakati kosa lilikuwa la pembe ya proba!

Aliyefundwa hukandamiza ncha moja ya proba, kisha nyingine. Doa likirudi jeupe, kano ni nzima. Likibaki, huzungusha proba digrii 90, kwa sababu mchaniko wa kweli huonekana katika mielekeo yote miwili ya proba. Hata akiupata, hurudi kumpima mgonjwa kwa mikono, maana watu wazima wengi wana kano zilizochanika na hawaumwi chochote.

Slaidi haifundishi mkono kufanya hivyo. Anafundisha msimamizi aliyeketi kando, anayekwambia "rudia" mara ya ishirini.

Kwa hiyo ithibati, yaani kumthibitisha mtu kuwa anaweza kupima, ipime mkono. Uingereza, jina la sonografa, yaani mpimaji kwa altrasaundi, halilindwi kisheria, na kuwa mfiziotherapia aliyesajiliwa hakumpi mtu uwezo wa kupima kwa altrasaundi. Chombo kiitwacho CASE hukagua kozi za baada ya shahada: mwanafunzi ana msimamizi kliniki, anajaza daftari la vipimo, na anatahiniwa akiwa na mgonjwa. Mtasema hatuna wasimamizi wa kutosha. Basi tuanze kwa kuandaa wasimamizi, kabla ya kununua mashine!

Muda unanibana, altrasaundi ya sakafu ya nyonga na ya mapafu naiacha. La ripoti: andika upande wa mwili, ulichokiona, na usichoweza kukiona. Ukikutana na uvimbe usioujua, usiupe jina. Hifadhi picha, na mgonjwa aende kwa mtaalamu wa radiolojia mliyekubaliana naye kabla mashine haijawashwa siku ya kwanza.