Kaa Unapowaona Wakitazamana

SAIDA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Saida, niko na Kaka Hamisi kama kawaida, na leo nimekuja na maswali ya tangu Jumamosi. Hamisi alinipeleka kwenye onyesho langu la kwanza la jazi. Jazi ya jukwaani, siyo ya kwenye simu. Tulitoka karibu na usiku wa manane, nikafika nyumbani, usingizi haukuja.

HAMISI: Ulinitumia ujumbe saa nane za usiku, dada.

SAIDA: Saa nane na robo. Nilitaka kujua yule mpiga dramu alikuwa anafanya nini na zile brashi. Tuanzie hapo, maana sikuwahi kujua kwamba ngoma inaweza kusuguliwa.

HAMISI: Zile brashi ni nyuzi nyembamba za chuma zilizofungwa pamoja, zinachanua kama kifagio. Mkono wa kushoto unachora duara juu ya ngozi ya ngoma ndogo, duara tu, haukatiki. Wa kulia ndio unaogusa mapigo. Kwenye rekodi hiyo sauti inakuwa kama pumzi nyuma ya piano, unaweza usiitambue kabisa. Ukumbini unaiona kwanza, halafu masikio yanaifuata.

SAIDA: Kama mtu anapepeta kwenye ungo. Shaa, shaa, shaa.

HAMISI: Hasa! Na huo ungo ndio aliokuwa anaufuata mpiga besi. Ulimwona? Alikuwa haangalii vidole vyake, anaangalia mkono wa kushoto wa mpiga dramu.

SAIDA: Nilimwona kwa sababu ulinikalisha pembeni kabisa, karibu na ukuta. Mimi nilitaka mbele katikati, nikadhani unanibania.

HAMISI: Kwenye ukumbi mdogo, mbele katikati mara nyingi spika kubwa zinakuwa zimekupita. Unapata toazi linalokupasua masikio, mwimbaji unamsikia kwa mbali. Lakini hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba pembeni unawaona wakitazamana. Mwanzo nilikuwa nawahi viti vya mbele, nakodoa macho kwa mpiga saksafoni peke yake. Nikawa narudi nyumbani nimesikia mtu mmoja. Siku moja nilichelewa, nikapewa kiti nyuma ya piano, upande wa dramu, na nusu ya jukwaa siioni. Ndiyo siku niliyosikia bendi.

SAIDA: Kuna kitu nilikiona nikadhani jamaa anajikuna. Mpiga saksafoni alimaliza, akajigusa utosi kwa kidole.

HAMISI: Hiyo ni ishara. Anawaambia wenzake turudi kichwani, yaani kwenye wimbo wenyewe kama ulivyoanza. Nyingine ni vidole vinne hewani, maana yake tubadilishane vipimo, yaani vipande vifupi vya mapigo, vinne vinne na mpiga dramu: mimi vinne, wewe vinne, mimi tena.

SAIDA: Sasa fafanua hapo, maana wapo wasikilizaji kama mimi. Wimbo unaanza, nauelewa, melodi nzuri. Halafu mtu anaanza kupiga mambo yake, dakika tano, nane. Mimi hapo nilipotea. Nilipenda, ila nilipotea.

HAMISI: Hajaenda mbali. Nyimbo nyingi za zamani za jazi zina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne. Wanapiga wimbo mzima mara moja, vipimo 32. Kisha wanarudi mwanzo, na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabaki zilezile, kwa mpangilio uleule, ila melodi imeondolewa. Anayepiga solo anatunga melodi mpya papo hapo juu ya kodi hizo. Ikifika kipimo cha 32, mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo wewe endelea kuuimba ule wimbo kimoyomoyo, polepole, wakati yeye anatunga wake. Usiuache. Utashangaa mnakutana kwenye kona.

SAIDA: Yaani bendi nzima inauimba kimoyomoyo?

HAMISI: Nzima. Ndiyo maana mpiga dramu anaweza kupiga solo peke yake, hakuna kodi hata moja inayosikika, halafu wote wanaingia pamoja kwenye pigo moja. Walikuwa wanaimba. Na ikiwa ni bluzi basi ni rahisi zaidi, vipimo 12 tu, unarudi mwanzo.

SAIDA: Nitajaribu. Twende kwenye makofi. Mimi nimezoea kusubiri wimbo uishe. Watu wakapiga makofi katikati, nikageuka kuangalia kuna nini.

HAMISI: Solo ikiisha, unapiga makofi hata kama wimbo unaendelea. Ni shukrani kwa aliyemaliza, na anayefuata anaingia juu ya makofi hayo. Ila kuna jambo linaniuma. Saksafoni ikimaliza, makofi. Piano ikimaliza, makofi. Ikifika zamu ya besi, watu wanaanza kuzungumza.

SAIDA: Nililiona hilo. Bendi ilipopungua sauti tu, meza ya jirani yetu wakaanza stori.

HAMISI: Kwa sababu besi ya kusimama ni ala ya sauti ya chini, na ikifika zamu yake wenzake wanapunguza ili asikike. Sasa msikilizaji anaona sauti imeshuka, anadhani ni mapumziko. Wakati pale ndipo panapotaka masikio kuliko sehemu nyingine yoyote. Nyuzi nne nene, hakuna kupumua kama wapulizaji, anazivuta kwa nyama ya kidole. Ukiwa karibu unasikia ngozi inavyouachia uzi kabla ya noti yenyewe. Mtu amekaa miaka anajifunza kufanya lile dude liimbe, sisi tunaulizana kesho unaamka saa ngapi.

SAIDA: Hamisi, hili limekugusa.

HAMISI: Limenigusa sana. Acha nikusimulie usiku mmoja. Ukumbi ulikuwa umejaa, watatu jukwaani: piano, besi, dramu. Wakaanza wimbo wa taratibu mno. Nyuma yetu kulikuwa na kundi kubwa, wanacheka, simu zinaita. Nilitegemea mpiga piano ataongeza nguvu awafunike. Alifanya kinyume. Akashuka. Akapunguza tena. Mpiga dramu akaweka brashi magotini, akabaki anagusa toazi kwa ncha ya kidole. Ikafika mahali piano unaisikia kwa shida, na wale nyuma wakajisikia wenyewe. Meza moja ikanyamaza, ikafuata nyingine. Mwisho ukumbi mzima ukawa umeinamia mbele. Nilisikia pedali ya piano ikipanda, ule mlio mdogo wa mbao.

SAIDA: Na alipofika mwisho?

HAMISI: Aliacha kodi ya mwisho ikafa yenyewe. Hakuna aliyepiga makofi haraka. Labda sekunde nne, tano. Nimehudhuria maonyesho mengi baada ya hapo na bado nazikumbuka sekunde zile.

SAIDA: Mwili umenisisimka.

HAMISI: Na kila nikiwaza wale waliokuwa wanapiga stori, nakumbuka New York, ukumbi wa Village Vanguard. Ni wa chini ya ardhi, unashuka ngazi, mdogo, upo tangu 1935. Jumapili moja, tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans alikuwa hapo kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye dramu. Walipiga awamu tano, mchana na usiku, na zikarekodiwa. Ukisikiliza rekodi hizo na vipokea sauti vya masikioni, unasikia glasi zinagongana. Watu wanaongea. Makofi machache ya adabu. Na LaFaro pale anaibadilisha kabisa kazi ya besi: hamfuati piano nyuma, anajibizana naye kama watu wawili mezani.

SAIDA: Na hawajui wanasikiliza nini.

HAMISI: Siku 11 baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro alifariki kwenye ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25. Evans akakaa miezi bila kupiga hadharani. Ile Jumapili ndiyo ilikuwa mara ya mwisho watu hao watatu kurekodi pamoja. Kuna kicheko kimoja cha mtu pale, nakisikia kila mara. Simlaumu. Angejuaje? Lakini tangu nilipoijua habari hiyo, besi ikianza, mimi naweka kila kitu chini.

SAIDA: Mimi pia, kuanzia leo. Na upande wa pili je? Wasikilizaji wakiwa wamo ndani kweli, wanaweza kuinua bendi?

HAMISI: Wanaweza kuipeleka mahali ambapo yenyewe haikupanga. Mfano mkubwa ni tamasha la Newport, Marekani, tarehe 7 Julai 1956. Duke Ellington na bendi yake kubwa. Miaka ile watu wengi walishamhesabu kama mtu wa zamani. Usiku umekwenda, wengine wanaondoka. Akaita kazi yake ya mwaka 1937, yenye sehemu mbili za bluzi, na katikati ya sehemu hizo akampa nafasi Paul Gonsalves, mpiga saksafoni ya tenori. Apige mizunguko ya bluzi, basi.

SAIDA: Mizunguko ya vipimo 12.

HAMISI: Umeshika! Alipiga 27.

SAIDA: Ishirini na saba?

HAMISI: Mfululizo. Zidisha kwa 12, ni vipimo 324, mtu mmoja, na nyuma yake besi na dramu hazilegei. Kati ya watazamaji mwanamke mmoja akainuka akaanza kucheza. Wengine wakainuka. Umati ukasimama, wengine juu ya viti. Ukisikiliza rekodi, unasikia sauti ya watu inapanda mzunguko baada ya mzunguko, na Ellington mwenyewe anapiga kelele za kumhimiza. Gonsalves asingefika 27 mbele ya ukumbi uliolala, hilo naliamini. Mwezi uliofuata uso wa Ellington ulikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

SAIDA: Natamani ningekuwepo.

HAMISI: Na sikia hili. Gonsalves alipuliza akielekea kipaza sauti ambacho sicho, cha redio, siyo cha kampuni iliyokuwa inarekodi. Kwa miaka mingi solo hiyo kwenye sahani ya santuri ilisikika kama inatoka mbali. Mpaka kanda za redio zilipopatikana, zikaunganishwa, na mwaka 1999 ikatoka rekodi ambayo anasikika vizuri. Lakini waliokuwepo walimsikia tangu siku ile ile.

SAIDA: Umetaja kipaza sauti, nisimsahau dada yetu mwimbaji wa Jumamosi. Wimbo wa tatu, katikati ya ubeti, kipaza sauti kikakata. Mimi nilishika kichwa. Fundi mitambo anakimbia, waya mkononi.

HAMISI: Wewe simulia, uliiona vizuri kuliko mimi.

SAIDA: Hakusimama hata kidogo. Alikiweka chini taratibu, akasogea hadi ukingo wa jukwaa, akaendelea kuimba kwa sauti yake tu. Na wale wanaume nyuma yake, hakuna aliyeambiwa kitu. Fimbo zikawekwa, brashi zikashikwa. Mpiga piano akaacha mkono wa kushoto kabisa, akabaki na noti chache juu. Fundi akamletea kipaza sauti kingine, dada akakipokea, akakishika tu pembeni ya paja mpaka wimbo ukaisha. Hakukitumia! Hapo ndipo nilipokuelewa, kaka. Kwamba walikuwa wanasikilizana muda wote, na mimi nilikuwa nawaangalia kama watu wanaopiga kitu walichokariri.

HAMISI: Mwimbaji Ella Fitzgerald yalimpata ya aina hiyo, Berlin, 1960. Kwake yalikatika maneno. Katikati ya wimbo akayasahau, na badala ya kunyamaza akatunga mengine palepale, yanaingia kwenye melodi, akimwambia msikilizaji kwamba ameyasahau. Ilirekodiwa ikabaki hivyo hivyo, na ikampa tuzo ya Grammy.

SAIDA: Swali la mwisho. Uliniambia tusiondoke baada ya mapumziko. Watu wengi waliondoka.

HAMISI: Mimi nikilazimika kuchagua awamu moja, nachagua ya pili. Ya kwanza wanaupima ukumbi: sauti inarudi vipi, piano ina noti gani nzito, watu wamekujaje. Ya pili wameshajua. Waliobaki ni wanaotaka kusikiliza, na bendi inaliona hilo kutoka jukwaani. Nyimbo zinarefuka, watu wanaitana majina. Hata wewe Jumamosi, awamu ya kwanza ulikuwa unanong'ona nami. Ya pili hukusema neno.

SAIDA: Nilisahau kwamba upo, samahani.

HAMISI: Ndivyo nilivyotaka.

SAIDA: Wiki ijayo tunarudi, nafika mapema, nakaa upande wa dramu. Lakini kabla hatujafunga kipaza sauti, nataka nijaribu lile zoezi. Ile bluzi yao ya mwisho, melodi ninayo. Mimi nitaiimba kimoyomoyo, wewe piga meza. Ikifika kipimo cha 12 nitainua mkono, uniambie kama nimefika.

HAMISI: Huangalii mkono wangu?

SAIDA: Nafumba macho.

HAMISI: Haya. Moja... mbili... moja, mbili, tatu, nne.