Kumbuni Mnyama na Mila Zake: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Ndugu wachoraji, ndugu waandishi, na walimu mliofuatana na wanafunzi wenu, nawashukuru kwa kunialika hapa Moshi. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kubuni mnyama ambaye hajawahi kuwapo, pamoja na mila zake, na nitasema tangu mwanzo ninachokiamini: mila za mnyama wa kubuni hazina budi kuzaliwa na dhiki ya mwili wake mahali anapoishi. Anayeanza na mapembe, rangi na jina, kisha akatafuta mila za kumvika, huishia kuwa na binadamu aliyevaa ngozi.

Sisemi kwamba binadamu aliyevaa ngozi ni kosa. Sungura na Fisi wa hadithi zetu ni watu wa namna hiyo, nao wametufaa vizazi na vizazi kwa sababu kazi yao ni kutucheka sisi wenyewe. Zimwi nalo halidaiwi maelezo: likujualo halikuli likakwisha, na msimulizi halazimiki kutuambia siku nyingine linakula nini. Lakini anayetaka kujenga spishi nzima, yenye vizazi, sheria na ugomvi wa ndani, anadaiwa maelezo hayo yote.

Wala mila si mali ya binadamu peke yake, ikiwa kwa neno hilo tunamaanisha mwenendo unaopatikana kwa kujifunza na kutofautiana kati ya mahali na mahali. Upande wa pili wa mlima huu wa Kilimanjaro, katika mbuga ya Amboseli, ambako ndovu wamekuwa wakifuatiliwa familia kwa familia tangu 1972, watafiti waliwasikilizisha sauti za watu zilizorekodiwa. Ndovu hao waliogopa zaidi sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao mara nyingine hupambana nao kwa mikuki, kuliko sauti za wanaume wa Kikamba. Na sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai hazikuwatisha kiasi hicho. Kwetu, karibu na Ziwa Eyasi, ndege mwonyesha asali huitikia zaidi mluzi wa Wahadza, ilhali wenzake wa kaskazini mwa Msumbiji huitikia zaidi mlio wa Wayao, ambao ni wa namna nyingine kabisa. Mbuni wa wanyama asiyeyajua mambo kama haya hukopa mila kutoka kwenye filamu, na zile za filamu zimekwisha kukopwa mara nyingi mno.

Sasa tumbuni mmoja pamoja, nami nitampa jina la ndwiri. Tumweke kwenye ukanda ulio juu ya msitu, karibu na kituo cha wapanda mlima cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila tunapopanda mita 1,000, kwa hiyo, ingawa jua la mchana huko ni kali, usiku maji huganda. Mimea ya huko imekwisha kutoa majibu yake. Ile miti minene ya dendrosenesio haiyaangushi majani yake yaliyokufa, bali huyaacha yauzunguke mti na kuukinga na baridi, na lobelia kubwa hufunga majani yake usiku ili kukilinda kichipukizi cha katikati. Mnyama tunayemweka hapo atapambana na tatizo lile lile.

Mwili wake tuuazime kwa pimbi. Pimbi si hodari wa kutunza joto la mwili wake, na ndiyo maana asubuhi tunamwona ameota jua juu ya mwamba, na wakati wa baridi hulala akiwa amebanana na wenzake. Ndwiri wetu awe na udhaifu huo huo, ila kwa kiwango kikubwa zaidi: akilala peke yake usiku mmoja, hafiki asubuhi. Hatuongezi mabawa, wala moto wa kutoka puani. (Vijana hunipinga sana hapa, lakini mabawa yanahitaji misuli ya kifua, misuli inahitaji chakula, na kwenye mwinuko huo chakula ni haba.)

Kutokana na udhaifu huu mmoja linazuka swali ambalo lingewasumbua ndwiri maisha yao yote: nani alale ukingoni? Aliye katikati ya rundo hupata joto pande zote, na aliye ukingoni hutoa mgongo wake kwa ajili ya wengine. Hapo ndipo sheria inapoingia. Kila mtu mzima hulala nje kwa zamu. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha husamehewa. Mzee hulala ndani, lakini hulipa kwa kukumbuka nani anadaiwa. Ushahidi upo wazi, kwa kuwa alfajiri mgongo wa aliyelala ukingoni huwa mweupe kwa sakitu, yaani unyevu wa hewa ulioganda. Salamu yao ya asubuhi, basi, isiwe kupeana mikono wala kuinamiana vichwa. Mmoja hupitisha shavu mgongoni mwa mwenzake, taratibu, akipima ubaridi na unyevu wa manyoya, na kwa kitendo hicho hicho amemjulia hali na kukagua deni lake. Tusi lao kubwa litakuwa "mgongo mkavu".

Penye sheria hapakosi mjanja. Yuko ndwiri aliyelala katikati usiku kucha, akaamka kabla ya wenzake na kugaagaa kwenye nyasi zenye sakitu. Wazee wanaweza kumgundua, kwa sababu sakitu ya kugaagaa hushika ncha za manyoya bila mpangilio na huchanganyika na vipande vya nyasi, lakini ile ya usiku kucha hutanda sawasawa. Ninapenda sana hila hii kuliko vita yoyote ya wafalme, kwa kuwa haiwezi kuhamishiwa kwa mnyama mwingine. Simba hawezi kuitenda, wala mtu.

Juu ya ndoa nitasema kwa ufupi: anayeposa hulala nje zamu za anayemposa. Juu ya mazishi, maiti huwekwa ukingoni mwa rundo usiku mmoja, ili afe bila deni, kisha huachwa kwa ndege. Dini, mavazi na vyeo msivibuni mpaka vilazimike. Mara nyingi havilazimiki.

Kilichobaki ni kuitikisa jamii hii palipo na uhai wake. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na ukavu wa hewa unatajwa miongoni mwa sababu. Sakitu haifanyiki pasipo unyevu. Mfikirie ndwiri katika msimu mkavu: baridi ni ile ile, wanaolala nje wanaumia vile vile, lakini alfajiri migongo yote ni mikavu. Mwaminifu na mjanja hawatofautiki tena, na kumbukumbu za wazee zinaanza kubishaniwa. Wengine watataka wahame kushuka msituni, alipo chui. Wengine watataka zamu zisimamiwe na wenye nguvu. Mimi ningemfuata yule mjanja, ambaye kwa mara ya kwanza amelala nje kweli, na hakuna anayemsadiki.