Mkorosho Haungoji Hukumu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Prince, mwanamuziki wa Marekani, alifariki Aprili 21, 2016 bila wosia. Hakuacha mke wala mtoto. Mirathi ikawaangukia ndugu zake sita. Wengine kibao walijitokeza kudai damu, baadhi wakaishia kwenye vipimo vya vinasaba. Lakini hao hawakula muda sana. Kilichokula muda ni bei. Msimamizi wa mirathi aliandika kwamba mali ina thamani ya dola milioni 82.3, mamlaka ya kodi ikasema milioni 163.2. Walikubaliana milioni 156.4 mwaka 2022, na ndugu wawili kati ya wale sita walikuwa wameshafariki.

Mbona bei isumbue hivyo? Nyumba ya Shangani unamwita mthamini, kazi imekwisha. Wimbo unazaa kila unapopigwa. Kwa Michael Jackson, wasimamizi walilikadiria jina na sura yake kuwa dola 2,105, yaani pikipiki mbili hivi. Watoza kodi wakataka zihesabiwe milioni 161. Mahakama ilikata milioni 4.15 mwaka 2021.

Sisi hatuna nyimbo za mamilioni, ila tuna mikorosho, nayo huzaa mwenyewe akiwa kaburini. Mzee akifariki Julai, miezi michache baadaye korosho zinaanguka. Benki ikipata habari inazuia akaunti yake. Aliyebaki shambani anaokota, anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina lake mwenyewe, fedha zinaingia kwake. Mwaka wa kwanza watu wananyamaza kwa sababu ya msiba. Mwaka wa pili ndipo mnapoitana mahakamani, na yeye hana hata stakabadhi moja ya kuonyesha.

Kwa hiyo msifikirie mgawo kwanza. Fikirieni msimamizi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unampendekeza tu. Anayemteua ni mahakama. Nendeni na cheti cha kifo, na kwenye muhtasari andikeni warithi wote, pamoja na yule mtoto wa nje mnayemjua lakini hamumtaji. Mkimficha, anaweza kuja kuomba uteuzi utenguliwe, mkaanza upya. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kama marehemu alifunga ndoa kanisani na kuishi Kikristo, ulizeni kwanza kama si ya Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Kosa la kwenda mahakama isiyohusika huonekana miaka baadaye, na linaweza kufuta kila kitu.

Akishateuliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V. Hesabu za mapato na matumizi ni Fomu Na. VI. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu hawakuandika. Anunue kauntabuku: tarehe, kilo, daraja, bei ya mnada, makato, upande wa pili matumizi: salfa ya kupulizia mikorosho, palizi, vibarua wa kuokota. Kila stakabadhi aibandike humo. Fedha ziingie akaunti ya mirathi, si yake. Yeye si mwenye mali, ni mtunzaji tu, hata kama ndiye mtoto wa kwanza na anapenda kusema hivyo.

Na wosia? Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018, watu wakadhani hakuacha. Mwaka uliofuata ukapatikana mmoja wa 2010 kwenye kabati lililofungwa, na mwingine wa 2014 ndani ya daftari chini ya mito ya sofa. Wanawe wakashitakiana hadi 2023, jopo la wananchi liliposema ule wa daftari ndio halali.

Kwa hiyo ukiandika wosia mpya, weka tarehe, uandike wazi kwamba wa zamani umefutwa, na uuchane huo wa zamani. Mwislamu akumbuke kwamba wosia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi hausiwi bila ridhaa ya wenzake. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanahifadhi wosia. Ukipeleka, mwambie mtu mmoja kwamba upo huko.