Nani Akalie Benchi Letu?

HAMISI: Karibuni tena. Kocha kaondoka, benchi liko wazi, na majina matatu ndiyo yanayozunguka vinywani mwa mashabiki. Yupo yule mwenye makombe, anayekaa nyumbani bila kazi. Yupo kijana wa daraja la pili anayechezesha mabeki watatu. Na yupo msaidizi wetu mwenyewe, aliyekabidhiwa timu kwa muda na kushinda mechi tatu mfululizo. Dada Rehema, naanza kwa kuweka kura yangu mezani: msaidizi apewe mkataba leo.

REHEMA: Leo? Kwa mechi tatu, kaka Hamisi?

HAMISI: Mechi tatu, pointi tisa. Unataka nini tena?

REHEMA: Nataka kujua tumecheza na nani. Wote watatu wako nusu ya chini ya msimamo, na mechi mbili zilikuwa kwetu. Halafu kumbuka zile tulizopoteza kabla kocha hajatimuliwa. Mbili kati yake tulipiga mashuti mengi kuliko wapinzani na mpira ukagonga mwamba. Timu inapofukuza kocha huwa iko chini kabisa, chini hata ya uwezo wake halisi. Kutoka pale, njia rahisi ni kupanda.

HAMISI: Yaani ile "mgeni njoo, mwenyeji apone" haina ukweli?

REHEMA: Mwenyeji alishaanza kupona. Mgeni kabisha hodi siku homa inashuka. Mchumi Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Alichukua klabu zilizofukuza kocha baada ya kuporomoka, akazilinganisha na zile zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikamvumilia kocha. Zote zilirudi juu, na zilizofukuza hazikupata faida ya ziada.

HAMISI: Hiyo ni wastani, dada. Kuna waliofaulu. Hansi Flick aliichukua Bayern kwa muda Novemba 2019, na mwaka 2020 akabeba ligi, kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa.

REHEMA: Na Ole Gunnar Solskjær aliichukua Manchester United kwa muda Desemba 2018, akashinda 14 kati ya mechi 19. Machi 2019 akapewa kazi ya kudumu. Mechi 10 zilizobaki za msimu ule alishinda mbili. Roberto Di Matteo naye aliipa Chelsea Ligi ya Mabingwa Mei 2012, akapewa mkataba, na Novemba ya mwaka huohuo akafungashiwa virago.

HAMISI: Sasa tutamtofautishaje Flick na Di Matteo? Wote walianza kwa ushindi.

REHEMA: Achana na matokeo kwanza, tazama kilichobadilika uwanjani. Flick aliipandisha safu ya ulinzi, akaanza kukabia juu, karibu na lango la mpinzani, akamrudisha Thomas Müller kwenye kikosi cha kwanza. Mabadiliko yalionekana hata kwa mtu aliyezima sauti ya runinga. Kwa msaidizi wetu, chukua kipimo cha PPDA, kinachoonyesha timu inamkaba mpinzani kwa bidii kiasi gani. Hesabu pasi anazopiga mpinzani kwenye asilimia 60 ya uwanja iliyo upande wake, gawanya kwa vitendo vyetu vya kukaba katika eneo hilohilo: kunyang'anya, kukata pasi, kujaribu kupora, na faulo. Ikiwa chini ya 10, timu inakabia juu kwelikweli. Kama kabla yake ilikuwa 14 na sasa ni 14, basi hajabadilisha kitu. Mipira imeanza kuingia tu.

HAMISI: Ila mechi tatu ni chache hata kwa kipimo hicho.

REHEMA: Ni chache sana, ndiyo hoja yangu. Mpinzani akipata kadi nyekundu dakika ya 20, namba zote zinavurugika. Subiri angalau mechi nane au kumi, na ziwemo mbili dhidi ya timu za juu.

HAMISI: Haya, nimekaa kimya. Tuje kwa kijana wako.

REHEMA: Sijasema ni wangu!

HAMISI: Unatabasamu kila anapotajwa. Na hapo ndipo nina ugomvi. Kijana anatumia 3-4-3, yaani mabeki watatu, wanne katikati na watatu mbele. Sisi kikosi chetu kimejengwa kwa 4-3-3. Tufanye hesabu ya watu, siyo ya hisia. Mabeki watatu wa kati wakianza, unahitaji watano wenye kiwango, kwa sababu kadi na majeraha hayaombi ruhusa. Sisi tunao wanne, na mmoja ndiyo kwanza anatoka kikosi cha vijana. Pembeni unahitaji watu wanne wenye mapafu ya kumiliki upande mzima peke yao, mbio za kwenda na kurudi dakika 90. Sisi tunaye mmoja, kulia. Kushoto beki wetu ni mzuri akiwa na winga mbele yake. Ukimwacha peke yake, anaachwa kati ya njia mbili, hajui apande au abaki.

REHEMA: Na mawinga wetu je?

HAMISI: Hao ndio wanaoniuma! Tunao wanne, ndio mali yetu ya thamani zaidi, na kwenye mfumo ule wawili wanaocheza nyuma ya mshambuliaji wanaingia katikati. Winga wetu wa kulia anaishi kwenye mstari wa pembeni. Ukimwingiza ndani anapokea mpira akilipa goli mgongo, na hajawahi kuwa mtu wa kugeuka. Unanunua kocha mmoja, unalazimika kununua wachezaji watano.

REHEMA: Hesabu yako ni safi, na ushahidi upo. Crystal Palace walimwajiri Frank de Boer mwaka 2017. Timu ilizoea kujilinda kwa nyuma na kupiga mipira ya moja kwa moja, yeye akaja na mabeki watatu na kumiliki mpira. Mechi nne za ligi, vipigo vinne, bila bao hata moja. Alidumu siku 77. Akaja Roy Hodgson na mabeki wanne, akapoteza naye za mwanzo, lakini Palace wakamaliza nafasi ya 11. Wachezaji walikuwa karibu wote walewale, kasoro kocha.

HAMISI: Na Ruben Amorim! Alitangazwa Manchester United tarehe 1 Novemba 2024, akaanza kazi tarehe 11, msimu umeshaiva, mechi kila baada ya siku tatu. Akaleta 3-4-3 yake kwa wachezaji walionunuliwa kwa mfumo mwingine. Msimu uliisha wakiwa nafasi ya 15.

REHEMA: Hapo simama kidogo, kwa sababu mfumo peke yake hauelezi. Antonio Conte akiwa Chelsea alifungwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, akabadili kwenda 3-4-3 msimu ukiwa umeshaanza, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kutwaa ubingwa kwa pointi 93. Kwa nini yeye aliweza?

HAMISI: Alikuwa na Kanté, yule kiungo mkabaji.

REHEMA: Alikuwa na Kanté, kweli. Lakini tazama mengine mawili. Chelsea hawakuwa kwenye mashindano ya Ulaya msimu ule, kwa hiyo wiki nyingi Conte alipata muda wa kutosha wa mazoezi. Na watu wa nafasi zile walikuwepo: Marcos Alonso kasajiliwa Agosti, Victor Moses kageuzwa kutoka winga, Azpilicueta karudishwa ndani awe beki wa kati wa kulia. Hakuhitaji dirisha jingine la usajili. Sasa linganisha na ratiba yetu. Ukicheza Jumapili na Jumatano, Jumatatu ni ya kupumzisha miguu, Jumanne ni mazoezi mepesi ya kupangana, na siku inayofuata ni mechi. Mfumo mpya unaufundisha lini? Kwenye video hotelini?

HAMISI: Kwa hiyo unakubaliana nami, kijana asije.

REHEMA: Asije sasa. Tofauti ndogo yenye maana kubwa. Xabi Alonso aliichukua Leverkusen ya Ujerumani Oktoba 2022 ikiwa nafasi ya 17. Akaanza kwa kuzuia uvujaji tu, wakamaliza nafasi ya 6. Kiangazi cha 2023 akapata maandalizi kamili ya msimu, na klabu ikamletea watu anaowahitaji: Grimaldo wa kushoto, Xhaka wa katikati, Hofmann, Boniface. Kulia Frimpong alikuwepo tangu zamani, kazaliwa kwa kazi ile. 2023/24 wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi: ushindi 28, sare 6. Kijana wetu akipewa wiki sita za maandalizi na wachezaji watatu, siyo watano, mimi namtaka.

HAMISI: Watatu wapi?

REHEMA: Beki wa kati anayetumia mguu wa kushoto, kwa sababu upande ule wa safu ya watatu anayetumia kulia anafunga mwili na pasi zote zinarudi ndani. Beki wa kushoto mwenye mapafu. Na kipa.

HAMISI: Kipa? Kipa wetu kaokoa penalti mbili!

REHEMA: Na kila akirudishiwa mpira anaubutua. Ukichezesha kutoka nyuma, kipa ndiye mtu wa ziada dhidi ya wanaokukabia. Akishindwa kupiga pasi ya mita 20 kwa mguu wake dhaifu, mpinzani anaziba mguu mmoja tu na mfumo wote umekufa. Mashabiki watamlaumu beki.

HAMISI: Tumguse basi mwenye makombe, maana wasikilizaji wengi wanamtaka.

REHEMA: Kwa ufupi, kwa upande wangu. Mara nyingi kocha aliyetimuliwa bado analipwa na klabu ya zamani, na malipo hayo hukoma au kupungua akipata kazi. Ndiyo maana anadai mshahara mkubwa: analinganisha na kulipwa akiwa amelala. Halafu haji peke yake. Anakuja na msaidizi, kocha wa viungo, kocha wa makipa, mchambuzi wa video, labda na mtu wa mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Mkataba wa miaka mitatu kwa watu watano. Ukiwafukuza baada ya miezi minane, unawafukuza wote, na unawalipa wote.

HAMISI: Lakini hilo linarekebishwa kwenye mkataba. Andika kwamba tukiachana, fidia haizidi mshahara wa miezi 12 na inakoma siku anapoajiriwa kwingine. Na usikubali afukuze kocha wa makipa na mchambuzi tuliokuwa nao. Hao ni wa klabu, siyo wa kocha. Wakiondoka, kumbukumbu yote ya miaka mitatu inaondoka kwenye kompyuta zao.

REHEMA: Hapo umesema kitu. Na wale wanaotaka nyota wetu wa zamani?

HAMISI: Juventus walimpa kiungo wao wa zamani Pirlo timu ya vijana chini ya miaka 23 mwishoni mwa Julai 2020, na siku chache baadaye wakamkabidhi timu kubwa, bila kuongoza mechi hata moja kama kocha. Timu iliyotwaa ligi mara tisa mfululizo ikamaliza ya nne. Guardiola naye ni mtoto wa nyumbani Barcelona, ila alipitia kwanza msimu mzima na kikosi cha pili. Tuendelee.

REHEMA: Mimi ningekuwa kwenye chumba cha usaili, nisingemuuliza mtu falsafa yake. Wote wanayo, na wote wanapenda kushambulia. Ningempa orodha yetu ya wachezaji 25 na kumwambia: panga kumi na moja wa kesho, hakuna usajili. Kisha nimwonyeshe dakika 20 za mechi aliyofungwa vibaya, anieleze bao la kwanza lilianzia wapi. Akianza na mwamuzi, ahsante, karibu tena.

HAMISI: Muulize pia unaongoza 1-0, dakika ya 75, mpinzani kaingiza mshambuliaji wa pili mrefu. Unafanya nini? Kocha anayejua kazi atauliza swali kwanza: nimebakiza wangapi wa kubadilisha, na nani ana kadi. Asiyejua atachora mstari wa mabeki watano papo hapo.

REHEMA: Na mpigie simu daktari wa klabu aliyotoka. Misuli ya nyuma ya paja ilichanika mingapi msimu wa kwanza? Kocha wa kukabia juu anayefika katikati ya msimu na kuongeza mbio ghafla, wagonjwa wanaanza kujaa baada ya wiki chache.

HAMISI: Basi sikia pendekezo langu, nimelibadilisha tukiwa hewani. Msaidizi amalize msimu, mkataba hadi mechi ya mwisho tu, na bonasi tukibaki nane bora. Kijana tumalizane naye kimya kimya aje siku ya kwanza ya maandalizi.

REHEMA: Kimya kimya hakuna kwenye mpira. Habari itavuja wiki ya pili, na wachezaji wataacha kumsikiliza wa muda. Wakishajua bosi anaondoka, mazoezi ya asubuhi yanakuwa ya kutembea.

HAMISI: Basi atangazwe wazi.

REHEMA: Na klabu yake iliyo kwenye mbio za kupanda daraja ikubali? Watasema lipeni fidia yote sasa, mumchukue sasa. Au wasubiri tukihangaika, bei ipande. Hilo ndilo swali la kumpigia mkurugenzi wa michezo: mkataba wa kijana una kipengele cha kuvunja chenye bei maalumu, au ni mazungumzo? Kama bei imeandikwa, mpango wako unawezekana. Kama ni mazungumzo, narudi kwa msaidizi hadi Juni, bila ahadi kwa mtu yeyote, na kipa mpya dirisha hili.

HAMISI: Kipa tena!

REHEMA: Kipa tena. Kocha yeyote kati ya hao watatu atamkuta palepale langoni, akibutua.