Waridi la jangwani: namna ya kuvuna mbegu zake na kuziotesha

Karibuni tena bustanini. Leo tunashughulika na waridi la jangwani, wengine mnaliita adeniamu: huu mti mfupi wenye kitako kinene na maua ya pinki unaoonekana kwenye vibaraza na mbele ya maduka. Vitalu vya barabarani huuza mmoja kwa bei ya kuuma, ilhali ni mti wa kwetu. Unaota wenyewe porini Tsavo, na ng'ambo ya bahari unaota milimani Dhofar, kule Oman.

Ukikata tawi ukalichomeka, litashika na litatoa maua, lakini kile kitako kinene kwa kawaida hukipati. Kitako kizuri kinatokana na mbegu.

Haya, tazama hapa juu. Unaziona hizi mbili zilizoungana chini, zimepinda kama pembe za mbuzi? Hayo ndiyo maganda ya mbegu. Ua moja likichavushwa hutoa jozi moja. Kama mti wako unachanua kila msimu na hujawahi kuona ganda hata moja, usiulaumu. Chavua ya ua hili imejificha ndani kabisa ya koo lake, na si kila mdudu anaifikia. Kwa hiyo ganda likitokea, lilinde.

Kazi ya kwanza ni kulifunga, na ifanye mapema, likiwa bado la kijani. Chukua uzi wa kushonea au ule mpira mwembamba wa kufungia noti, zungushia ganda sehemu tatu: karibu na kikonyo, katikati na karibu na ncha. Usikaze sana, maana bado linanenepa. Sababu ya kufunga ni hii: ganda likikomaa hupasuka kwa urefu, na kila mbegu ina manyoya laini ncha zote mbili. Upepo mmoja tu wa mchana unatosha kuzipeleka zote kwa jirani. Unatoka asubuhi ganda limefumba, unarudi jioni ni tupu.

Halafu subiri. Tangu ua lidondoke hadi ganda likomae ni kama miezi 2 hadi 3. Najua mkono unawasha, lakini tafadhali usichume ganda bichi. Ndani utakuta mbegu nyeupe, laini, na hizo hazioti kamwe. Dalili unayoitafuta ni rangi: kijani kinafifia, ganda linakuwa la kahawia au kijivu, na mstari wa ubavuni unaanza kuachia. Hapo ndipo unakata.

Kabla hujashika mkasi, nisikilize vizuri. Utomvu wa mti huu ni sumu inayodhuru moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliutumia kupaka kwenye mishale. Vaa glavu, usijiguse macho wala mdomo, nawa kwa sabuni ukimaliza, na mabaki usiwatupie mbuzi. Watoto wadogo wakae mbali.

Kata kwenye kikonyo, peleka ganda ndani, zima feni. Liweke juu ya sinia, fungua uzi, lipanue taratibu kwa vidole. Hizi hapa: nyembamba, rangi ya kaki, urefu wa kama sentimita 1. Yanyofoe manyoya, yanatoka kirahisi. Bonyeza kila mbegu kidogo. Iliyojaa, iweke upande huu. Iliyo bapa na tupu, achana nayo.

Sasa, zipande mara moja. Mbegu za mti huu zilizotoka tu kwenye ganda lililokomaa huota kwa kasi ya kushangaza, lakini kila mwezi unaopita nguvu yake inapungua. Kama ni lazima usubiri, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu na penye ubaridi.

Udongo ndio unaoharibia watu wengi. Usitumie udongo mzito wa shambani. Mimi nachanganya mchanga wa mto ulio mkubwa mkubwa sehemu mbili, mkaa uliopondwa sehemu moja, na mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa sehemu moja. Kopo lolote pana linafaa, mradi ulitoboe matundu ya kutosha chini. Jaza, mwagilia mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike.

Loweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu saa chache. Kisha zilaze ubavu juu ya udongo, usizisimamishe, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine. Zifunike kwa mchanga kiasi cha nusu sentimita tu. Weka kopo mahali penye joto na mwanga, lakini si kwenye jua kali la saa sita. Kwa joto la Pwani utaona vichwa vikiibuka ndani ya siku 3 hadi 7. Kwenye baridi, kama Arusha au Limuru mwezi wa Julai, ni afadhali ungoje joto lirudi.

Hadi ziote, udongo usikauke, nyunyizia taratibu. Zikishaota, geuza mtindo: acha uso wa udongo ukauke kwanza ndipo umwagilie tena. Mche unaolala chini huku shingo yake imelainika umeshikwa na ukungu wa unyevu, na hauponi. Ung'oe upesi, punguza maji, zidisha hewa. Kila baada ya siku chache isogeze miche iliyobaki kwenye jua zaidi, maana jua ndilo linalonenepesha kitako.

Miche ikifikisha majani sita hivi, hamishia kila mmoja kwenye chungu chake, na usimwagilie siku mbili tatu ili mizizi iliyojeruhiwa ipone. Maua yategemee kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa pili. Rangi inaweza isifanane na ya mama, hasa kama mama ni chotara, kwa hiyo usimgawie mtu mche kwa kumwahidi rangi kabla haujachanua.